Ngurumo, Fundi Aliyeogopa Mashine Isiyopiga Kelele

Ndugu, majirani, na ninyi mliokuja kuhakikisha kama kweli amekufa, karibuni. Huyu tunayemzika leo mlimwita Ngurumo, na hata mama yake mzazi alifika mahali akasahau jina lingine. Kipaza sauti hiki kinakula betri za sola za marehemu mwenyewe, na mawingu mnayaona. Kikikatika, msomaji ataendelea kwa mdomo, na wa nyuma wasogee.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Machi mwaka 1957, kando ya tanuri la mkaa, nyuma ya kilima hiki hiki mnachokiona kimebaki na upara. Mama yake alikuwa amempelekea baba yake chakula cha mchana, uchungu ukamkuta hapo hapo. Dada yake mkubwa alitumwa maji mtoni, aliporudi akakuta ukoo umeongezeka. Moshi wa tanuri siku hiyo ulikuwa mzito mpaka jogoo wa jirani akawika saa nane mchana akidhani usiku umepita. Wakunga wanasema mtoto akizaliwa hulia. Huyu alikohoa kwanza, kisha akalia. Watu wakacheka. Hakuna aliyejua kwamba kikohozi kile kilikuwa kimekuja kuweka nafasi.

Baba yao alikuwa mchoma mkaa, na kilima chote kilipita mikononi mwake kikaingia kwenye magunia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na matumbo tisa ya kushibisha na shoka moja. Mwaka alipoangusha mti mkubwa wa mwisho, chemchemi ya chini ya kilima ikaanza kutoa tope, halafu ikatoa vyura, halafu ikanyamaza. Mzee akasema itarudi. Mzee amekufa, na chemchemi haijarudi.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Darasa lao lilipakana ukuta na mashine ya kusaga unga, kwa hiyo wenzake walijifunza kusoma, yeye akajifunza kusikiliza. Siku moja mwalimu alimsimamisha amtajie mito mikubwa. Akainamisha kichwa, akasema, "Mwalimu, mkanda wa mashine unakatika sasa hivi." Mwalimu akanyanyua fimbo. Fimbo haijashuka, paaa! ukuta mzima ukatikisika, na mwenye mashine akasikika akimlaani mama wa mkanda. Mwalimu akaishusha fimbo polepole akasema, "Kaa chini, mchawi we."

Mwaka 1972 aliingia gereji kujifunza ufundi, na mwaka 1980 akafungua karakana yake nyuma ya stendi ya malori. Kazi yake ilikuwa jenereta. Alizitengeneza, alizikodisha, alizilaza na kuziamsha. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, kama daktari, kisha anasema, "Huyu anaumwa valvu." Watu walikuwa tayari kuapa kwamba jenereta ikimwona anakuja inajiwasha yenyewe kwa woga. Palipo na harusi, mkutano au mgahawa, palikuwa na mngurumo, na palipo na mngurumo alikuwepo yeye, mafuta hadi kwenye nyusi. Ndiyo asili ya jina.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba mwaka 1983, na binti mshonaji ambaye leo ni mjane wake. Katikati ya sherehe jenereta ya muziki ikakohoa. Bwana harusi akainuka, suti na yote, akapotea. Aliporudi mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Bibi harusi akamwangalia kuanzia viatu kwenda juu, akauliza mbele ya wakwe, "Samahani mwenzangu, leo nimeolewa au nimeajiriwa?" Ndoa yao ilidumu zaidi ya miaka arobaini, na swali lile hakulijibu. Mungu aliwajalia mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilijadiliana kama pasomwe au pasisomwe. Mjane akasema pasomwe. Dada mkubwa wa marehemu naye akasema, "Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio ndicho hiki."

Mwaka 2006 jirani wa karakana alijifungua mtoto asiyelala kwa ajili ya kelele. Marehemu alikuwa mtu wa huruma. Akaichukua jenereta moja, akaivalisha sanduku la bati la kuta mbili na katikati akajaza mchanga, na bomba la moshi akalipitisha kwenye pipa lenye vyumba ndani. Akaiwasha. Watu waliokuwa wameziba masikio wakasubiri, wakasubiri, wakazibua. Mashine ilikuwa ikinong'ona kama wakwe wawili jikoni. Mtoto wa jirani akalala. Mji mzima ukaja kuona. Kila mwenye duka akataka ya kwake, na marehemu akatengeneza, akatengeneza tena, akaajiri vijana akawafundisha, nao wakachomelea mchana kutwa. Hata dada yake aliringa sokoni: "Mdogo wangu ameifunga radi mdomo!"

Hakuna aliyeona kilichoingia mjini pamoja na ukimya ule. Jenereta inayonguruma huwezi kukaa nayo chumba kimoja. Inakufukuza yenyewe, unaiweka uani. Hii ya kunong'ona ilikuwa na adabu. Watu waliona haina kelele, wakajiambia basi na moshi wake hauna neno. Kwanza wakaisogeza barazani, wasiibiwe. Kisha mlangoni. Kisha, mvua ikinyesha, ndani.

Jumamosi, tarehe 14 Novemba mwaka 2009, mvua ilinyesha kuanzia asubuhi. Alasiri marehemu alikwenda kunyolewa kwa kinyozi rafiki yake, mteja wake wa zamani. Alikuta mlango umefungwa kwa ajili ya upepo, ila ndani taa zinawaka na redio inaimba. Kupitia dirishani akamwona kinyozi ameketi kwenye kiti cha wateja wanaosubiri, na mteja yuko kwenye kiti chake mbele ya kioo, nusu ya kichwa imenyolewa. Wametulia. Akasimama pale nje akatega sikio kutafuta mashine yake, asiisikie hata kidogo, na akatabasamu. Hilo ndilo lililomla maisha yake yote yaliyobaki. Si kwamba walikufa tu; ni kwamba yeye alisimama dirishani kwa maiti wawili akijipongeza.

Polisi walisema ni ajali, moshi wa jenereta iliyoingizwa ndani. Mjane wa kinyozi, ambaye leo yuko hapa na tunamshukuru, hakumdai kitu. Marehemu mwenyewe ndiye aliyejifungulia kesi na hakujitetea. Alimwambia dada yake, "Kelele ndiyo ilikuwa inatufukuza tusikae na kifo chumba kimoja, dada. Mimi nimeifukuza kelele, kifo nikakiacha ndani."

Akaanza kuzitafuta mashine zake. Alizijua zote kama mchungaji anavyojua ng'ombe, kwa mabaka na kwa tabia. Tatizo, hakuna aliyetaka kurudisha. "Ngurumo, mimi yangu naiweka dirishani." "Mimi yangu inawaka kidogo tu." "Kinyozi alikuwa mzembe, Mungu amrehemu." Akaona kumwambia mtu atupe taa yake bila kumpa taa nyingine ni kumwambia akae gizani. Akauza pikapu, akanunua paneli za sola na betri, akawa anabadilishana: wewe nipe mashine yangu, mimi nakupandishia jua juu ya bati. Pikapu ilipokwenda akanunua baiskeli. Mzee wa heshima juu ya baiskeli na paneli mgongoni. Kwa mbali ungedhani mlango umetoroka nyumba yake. Watoto wake walikuwa wakijificha wakimwona anakuja.

Mwaka 2011 alikwenda kusoma ufundi wa sola katika chuo cha ufundi, mwanafunzi mwenye mvi kati ya vijana. Siku ya kwanza mwalimu aliwaeleza kuhusu hewa ya ukaa: kwamba kila kinachoungua duniani, jenereta, gari, tanuri la mkaa, kiwanda, hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu wala sauti, inapanda, inakaa huko juu, na joto linashindwa kutoka. Marehemu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo ni chumba."

"Unaweza kusema hivyo, mzee."

"Na mashine iko ndani."

"Ndiyo, tuseme hivyo."

"Mlango uko wapi?"

Vijana wakacheka. Mwalimu naye akacheka, akasema, "Mlango hakuna, mzee wangu. Ni kuzima mashine tu."

Marehemu akatoka akakaa kwenye ngazi. Mwalimu alipomfuata alimkuta anaangalia juu, na anasema alimwona amekunja shingo kidogo, kama mtu anayetega sikio dirishani.

Tangu hapo nyumbani kwake hapakuwa na raha, ukiuliza wanawe. Taa isiyo na mtu chini yake ilizimwa. Takataka hazikuchomwa, za kuoza zilifukiwa shambani, nyingine alizitafutia kazi, na chupa moja ya mafuta ya kula ilizikwa tu baada ya kufanya kazi saba. Maharage yalichemka kidogo jikoni, kisha sufuria ikatolewa ikavikwa matambara na kutiwa kwenye kikapu kikubwa, ikajiivishia yenyewe bila moto. Mjane wake aligoma mwanzoni: "Nimeishi na mwanamume wa jenereta, sasa nalaza maharage kama mtoto!" Lakini yaliiva, na alipoona mkaa wa wiki unakaa mwezi, akaanza kuivika sufuria mwenyewe. Cherehani yake nayo ikawekewa mota ikashona kwa jua. Mume wake alikuwa akiangalia mawingu mpaka mkewe akasema wivu unamshika: "Ungeniangalia mimi hivyo, tungekuwa na watoto kumi na wawili."

Watu walimpenda na hawakumwelewa. Fundi viatu aliyewekewa paneli aliifunika blanketi kila saa sita isije ikaungua kwa jua, kisha akaja kulalamika kwamba taa za Ngurumo zinalogwa. Wengine wakaelewa. Kinyozi mpya, yule wa kona, alikuwa wa kwanza kunyoa kwa jua, mlango wazi. Duka la dawa likafuata, na mashine ya kusaga ya akina mama. Mwaka 2016 marehemu aliirudisha ya mwisho katika zile alizozitengeneza, kutoka kwa mpiga picha. Akaipasua kwa nyundo mbele ya karakana. Vijana wake wa kazi walisimama wakiangalia. Wengine walisikitika, kwa maana ilikuwa kazi nzuri.

Kwa dada yake mkubwa alishindwa. Dada anauza mkaa, aliurithi kwa baba, na yuko hai bado ingawa wengine wamechoka kusubiri. Marehemu alimwendea sokoni mara nyingi.

"Dada, punguza."

"Mkaa huu ndio ulikulea. Leo unaukunjia pua?"

"Siukunjii pua. Nauliza kilima kingine kiko wapi."

"Basi niache nife na mkaa wangu."

"Utakufa nao dada, ila hutakufa peke yako."

Mteja aliyekuwa akichagua mkaa akaweka chini alichoshika, akaondoka. Dada hakumsemesha mdogo wake mwezi mzima. Kikapu cha maharage alikichukua lakini, alituma mtu. Na miche ambayo marehemu aliipanda kule kilimani kila mwaka, mingi ikafa kwa kiu, michache ikashika. Kuna mtu aliyekuwa akiimwagilia kwa ndoo asionekane. Hatutamtaja, ila ana mikono myeusi.

Kikohozi alichozaliwa nacho kilirudi mwaka 2023 kudai nafasi yake. Madaktari walipiga picha ya kifua, wakasema mapafu yana makovu ya moshi wa miaka mingi. Aliuliza kama moshi wa mkaa au wa dizeli. Daktari akasema, "Mzee, mapafu hayaandiki jina la mgeni." Akadhoofika. Miaka hiyo hiyo mvua nazo zikaharibika tabia. Zikakaa miezi haziji, kisha zikaja zote siku moja bila hodi na kuondoka na barabara. Joto likapanda mpaka wazee wakalala nje. Marehemu, kwenye kiti chake barazani, aliwaambia wanaomwamkia, "Kinyozi naye aliona usingizi tu."

Jumatatu, tarehe 15 Septemba 2025, alilazwa katika zahanati ya karibu, kwenye chumba cha vitanda sita. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mama aliyejifungua, na mtoto wake.

Alhamisi, tarehe 18, mchana, mbingu ikafunga. Mvua ikashuka isiyo ya msimu, manesi wakafunga madirisha na milango, giza likaingia, na umeme ukakatika. Baada ya muda taa zikarudi. Wagonjwa wakashukuru. Marehemu hakushukuru. Binti yake mkubwa, aliyekuwa anamlisha uji, anasema baba alimshika mkono wa kijiko.

"Umesikia kitu?"

"Mvua tu, baba."

"Mimi pia." Akamwita nesi. "Mwanangu, taa hizi zinawashwa na nini?"

"Jenereta mpya, babu. Tumeletewa mwezi uliopita. Haina kelele kabisa, raha mustarehe!"

"Iko wapi?"

"Hapo korido, babu. Isije ikalowa."

Mama mwenye mtoto alikuwa amelala. Mzee wa kitanda cha tatu alikuwa analalamika kichwa. Mtoto alikuwa amelegea, mweupe midomo, na kila mtu alidhani ameshiba.

Mnajua jinsi pumzi ya marehemu ilivyokuwa. Mwezi mzima hakuweza kuzima mshumaa. Alichomoa mpira wa hewa puani, akashusha miguu, akasema, "FUNGUENI!" Hapa hakuna chumvi iliyoongezwa, waulizeni waliokuwapo: mlinzi aliisikia akiwa getini, katikati ya mvua, akadhani ni radi. Nesi akafungua dirisha kwa woga tu, binti akapiga mlango teke. Vitanda vikasukumwa barazani, kwenye mvua. Mama aliamshwa kwa makofi. Mtoto akashikwa chini ya maji yanayotoka kwenye bati, kimya, kimya, kimya, kisha akalia. Leo wako wazima, na mama huyo ameketi mstari wa pili.

Marehemu hakutoka na wenzake. Alitambaa korido, akaizima mashine kwa mkono wake. Binti yake alimkuta ameilalia, anapitisha kidole kwenye bati, pale chuma kilipounganishwa. Mchomeleaji anaijua mistari yake kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Alimwangalia binti na macho yake yalikuwa na hofu ambayo hakuwahi kumwona nayo.

"Si mkono wangu," alisema. "Huu ni mpya. Huu ni wa mwaka huu."

Wakambeba hadi barazani. Mvua ilipokwisha aliongea mara moja tu, akasema, "Nilimfundisha vizuri mno." Alifariki jioni hiyo saa kumi na mbili kasorobo, mahali penye hewa.

Nesi alipoulizwa, alisema jenereta ile iliuzwa na mtu wa pikipiki, mwenye kofia ngumu usoni, na nyuma ya pikipiki alikuwa na nyingine mbili zinazokwenda kwingine. Wapi, hakuuliza. Zilikuwa na bei nzuri.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili na mtoto wa kiume, wakwe wawili, wajukuu sita, dada mkubwa mmoja, karakana inayowasha taa za mtaa kwa jua, na miche kilimani inayohitaji maji Jumapili hii. Ameacha pia mashine ambazo hakuzitengeneza yeye, na hakuna ajuaye ni ngapi wala ziko chumba gani. Ameacha vijana wote aliowafundisha kazi. Wamekuja wote, wamebeba jeneza wote, na wote wamelia machozi ya kweli. Familia imewaangalia mmoja mmoja na haikuweza kutofautisha.

Kwa hiyo familia haitauliza jina. Wewe uliyeunga chuma kile, unajua ni wewe, na unajua ulipozipeleka. Ukishatupia udongo wako usibaki kunawa mikono na sisi. Chukua pikipiki uende sasa hivi, maana mawingu yale hayaji kuzika.

Mzee wetu amefika penye utulivu, na utulivu huo ni halali yake. Apumzike humo kwa amani. Utulivu mwingine wowote mtakaoukuta mkirudi nyumbani, taa zinawaka na hamsikii kitu, msiingie kukaa. Fungueni kwanza.